Mgeta Haikuanza na Kabichi

Fungua kitabu chochote cha historia cha sekondari kwenye ramani ya biashara ya pwani. Mogadishu, Mombasa, Kilwa na Sofala zimejipanga ukingoni mwa bahari, na mishale inaingia kutoka Uarabuni, Uajemi na India. Bara ni karatasi nyeupe. Milima ya Uluguru, ambayo mito yake hulisha Ruvu na Ruvu huishia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, haina hata nukta. Sisi wa Mgeta, katika milima hiyo, tumezoea. Tunaulizwa bei ya kabichi, karoti na peasi. Nani alilima miteremko hii wakati Kilwa inajenga Husuni Kubwa, hakuna anayeuliza. Na akitokea mjuzi wa kujibu bila kuulizwa, atasema Waluguru ni wakimbizi wa juzi tu, waliokimbilia mlimani kukwepa vita na wateka watumwa wa karne ya 19.

Wakimbizi walikuja kweli, na wengi. Lakini mkimbizi hupokewa na mwenyeji, naye mwenyeji lazima awe na shamba la kumgawia.

Tuanze na walioandika, kwa kuwa wao ndio wanaoaminiwa. Al-Masudi, aliyefika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliwaeleza Wazanji, yaani wenyeji wa huku, kuwa watu wanaojipamba kwa chuma pale ambapo wengine wangevaa dhahabu na fedha. Akasema pia kwamba mfalme wao akidhulumu huuawa, na uzao wake hunyimwa kiti. Al-Idrisi aliandika mwaka 1154 akiwa Sicily kwa Mfalme Roger. Hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, lakini naye alijua kwamba chuma cha pwani hii kilikuwa bidhaa kubwa. Kisha Ibn Battuta akafika Kilwa mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Alimsifu kwa ukarimu na uchaji, na humo humo akaeleza kwamba sultani huyo alikuwa akivamia nchi ya Wazanji, kutwaa ngawira na kutenga khumsi yake, yaani sehemu ya tano, kama Kurani inavyoagiza, huku fungu la masharifu likiwekwa pembeni hadi waje kulichukua. Masharifu walikuja kutoka Iraki na Hijazi.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi na kila mara naudhika. Msafiri anasifu jinsi mali ilivyogawanywa. Waliopokonywa hawana jina, mji wala dini inayotajwa, ila kwamba ni makafiri. Sidai kwamba askari wa Kilwa walifika Mgeta. Ninachosema ni kwamba tangu hapo bara limeandikwa hivyo hivyo: mahali pa kuchukua kitu. Hata Tarikh ya Kilwa, inayomtaja mwanzilishi wa dola kuwa Ali bin al-Hasan wa Shirazi, inamleta mtu wa bara kwa ajili ya kukiuza kisiwa tu, kwa kipimo cha nguo za kukizungushia.

Na chuma je? Kaskazini ya mji wa Morogoro, ukishika njia ya Dodoma, kuna Dakawa. Wengi wanaijua kwa mpunga, na wazee kwa kambi ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini. Wanaakiolojia Randi Håland na Msuya walichimba huko, na mwaka 2000 wakachapisha walichokiona: mabaki ya kuyeyusha chuma, pamoja na vyungu vya mtindo ule ule unaofukuliwa katika miji ya kwanza ya Waswahili, vya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Yaani chini ya milima yetu palikuwa na wahunzi na wafinyanzi walioshirikiana mtindo na pwani kabla Kilwa haijapata sultani wa kusifiwa. Ile karatasi nyeupe ya ramani ilikuwa na moshi wa tanuri.

Mlimani kwenyewe, wanaotafuta gofu hawatalipata. Nyumba ilikuwa ya miti, udongo na nyasi, na udongo wa Mgeta hautulii. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilileta maporomoko zaidi ya elfu moja katika eneo letu, na wataalamu Temple na Rapp wakayahesabu na kuandika juu yake. Ukichukua siku moja kama hiyo ukaitawanya katika miaka elfu, usishangae kwamba hatuna msikiti wa matumbawe wa kuwaonyesha watalii. Kumbukumbu iliyotulia iko juu zaidi, uwanda wa Lukwangule, ambako watafiti walitoboa tope la kinamasi cha Deva-Deva na kusoma katika chavua habari za msitu za makumi ya maelfu ya miaka.

Lakini nyaraka zetu hasa ni majina ya watu, na hapa ndipo ninapogombana na waliotangulia. Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu chao juu ya ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960. Ni kitabu kizuri. Bila wao tungekuwa maskini zaidi. Ila kiliandikwa ili kueleza kwa nini mpango wa serikali ya kikoloni wa matuta ya lazima ulishindwa, na kwa hiyo zama za kale zimekuwa varanda ya kupitia tu. Wao wenyewe walieleza jambo ambalo wasomaji wao hawakulifuata hadi mwisho: mndewa, mkuu wa tawi la ukoo, akifa, mrithi wake huchukua jina la yule wa kwanza aliyefyeka msitu. Si heshima tu. Anakuwa yeye. Anasema "nilipofika hapa" akimaanisha mtu aliyefika vizazi vingi nyuma.

Sasa mlete afisa mwenye kalamu na daftari. Anauliza, nani alianzisha shamba hili? Anatajiwa jina. Anauliza, ni nani kwako? Anajibiwa kwamba ni mjomba. Anahesabu vizazi viwili, vitatu, anafunga daftari na kuandika kwamba watu hawa wamekuja karibuni. Wajomba kumi wamekuwa mtu mmoja. Sisemi kwamba kila ukoo ulikuwapo Mgeta zama za Ibn Battuta. Nasema kipimo hicho hakifai kuthibitisha kwamba haukuwapo.

Kilwa ilikuwa na mwandishi, Mgeta ilikuwa na mjomba. Ardhi ilipita kwa mama, mtoto wa dada akarithi, na mume akaweza kulima maisha yake yote shamba ambalo halitakuwa la wanawe kwa upande wake. Koo zilikaa bega kwa bega, kila moja na mndewa wake, bila mmoja kuwa juu ya wote. Kuna wenzetu, kwa uchungu kama wangu, wanaotaka kuibuni himaya ya Uluguru ili tulingane na Kilwa. Hatuhitaji. Kingalu wa Kinole, upande wa mashariki, ana kiti cha heshima kubwa, lakini nguvu yake ilikuwa mvua zaidi ya upanga. Na pango la Kolelo lilikuwa na jina hadi Uzaramo: watu wa nchi za chini walipanda na zawadi kuomba mvua. Mmisionari Klamroth alirekodi kwamba mwaka 1905 sauti ya mzimu wa Kolelo ilikataza kulipa kodi kwa wageni. Sultani alishuka bara kuchukua. Kwa Kolelo watu walipanda wenyewe na kuleta. Hiyo nayo ni siasa, na ni dini, hata kama hakuna aliyeichonga kwenye jiwe.

Yaliyofuata yanajulikana. Mtawala Kisabengo alijenga boma lake pale ulipo mji wa Morogoro, wasafiri Burton na Stanley wakapita chini wakitazama mlima kwa mbali. Wakaja Wajerumani na mbegu za mboga, mapadre na kanisa, vita vya 1916. Waingereza, ambao hawakuweza kutawala watu wasio na mkuu mmoja, walituwekea sultani. Mwaka 1955, Sabu bin Sabu akiwa kitini, watu wa upande wa Matombo walikataa matuta ya lazima, ghasia zikatokea na mtu akauawa. Baada ya uhuru vikaja vijiji vya ujamaa, baadaye mbuzi wa maziwa kutoka Norwei, na malori ya mboga ya Nyandira.

Bado mashamba yetu yanagombewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki za kimila, na penye mgogoro wa mpaka mzee huitwa aeleze nani alifyeka, nani alipewa na nani alirudisha. Ningependa mtu mwenye kinasa sauti akae naye kabla ya kesi, asikilize orodha nzima, na amuulize swali ambalo yule afisa hakuliuliza: wangapi wamelibeba jina hili kabla yako? Kisha aende na majembe ya wanaakiolojia kwenye viwanja hivyo hivyo, maana Dakawa ilichimbwa na Mgeta bado inasubiri.