JERAHA LA MAKALIO: ACHA AIBU, KALIONYESHE

Wadau, najua wengine mmeshaanza kucheka mlipoona kichwa cha habari. Haya chekeni, mkimaliza tuongee. Maana ni kicheko hicho hicho kinachomfanya mtu aliyeruka ukuta wenye vipande vya chupa, au aliyedondoka kwenye mwembe akaangukia kisiki, anyamaze siku tatu mpaka homa inampanda. Na jeraha lenyewe liko mahali ambapo huwezi kujiangalia.

Makalio ni nyama nene, msuli mkubwa kuliko yote mwilini uko hapo. Ndiyo maana tundu dogo kwa nje linaweza kuwa refu kwa ndani. Chini ya msuli huo unapita mshipa wa fahamu mnene kuliko mingine yote, unaoteremka mpaka mguuni, na mishipa ya damu inayotoka kwenye nyonga. Kwa hiyo mtu akichomwa na kitu cha ncha kali, halafu mguu ukafa ganzi au akashindwa kunyanyua unyayo, mshipa wa fahamu huenda umeguswa. Jeraha la karibu na njia ya haja kubwa nalo linaweza kuwa limefika kwenye utumbo. Ukiona damu inatoka huko, au tumbo linauma, ni hospitali saa hiyo hiyo, hakuna cha kusubiri kesho.

Damu ikitoka nyingi, alale kifudifudi. Chukua kitambaa safi ukandamize kwa nguvu dakika 10 mfululizo bila kuchungulia chungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake huku mnatafuta usafiri. Kama kuna kijiti, nondo au kisu kimezama humo USIKICHOMOE, maana huenda ndicho kimeziba mshipa wa damu. Kandamiza pembeni yake tu, mpeleke hivyo hivyo.

Mkato mdogo usio na kina unaoshwa kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha unafunikwa kwa chachi. Mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu, ugoro, unga wa kapsuli za rangi mbili, jamani acheni! Vingine vinaunguza nyama, vingine vinaingiza uchafu, na daktari anapata kazi ya kuvisafisha kwanza.

Halafu kuna pepopunda. Watu wanadhani inaletwa na kutu ya msumari, kumbe vijidudu vyake viko kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Mara nyingi dalili huanza kati ya siku 3 na 21, taya zinakaza, baadaye mwili mzima. Jeraha likiwa chafu na sindano yako ya mwisho ina zaidi ya miaka 5, au hukumbuki ulichomwa lini, kachomwe nyingine. Dada zetu huchomwa wakiwa wajawazito, lakini sisi wanaume wengi tuliishia zile za utotoni. Aliyeng'atwa na mbwa aoshe kwa sabuni na maji dakika 15, kisha aende siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kwa hapa Tanzania, kama umechomwa kisu au ni ajali ya bodaboda, polisi wanatoa PF3. Damu ikiwa inachuruzika wewe nenda hospitali, ndugu mmoja afuatilie hiyo fomu.

Ukisharudi nyumbani, kazi kubwa ni choo. Kila ukienda haja kubwa jisafishe kwa maji kuelekea mbali na kidonda, kausha, badilisha chachi ikiwa imelowa. Lala kifudifudi au ubavu, usikalie nyuzi. Kula matunda na mboga, kunywa maji ya kutosha ili choo kisiwe kigumu. Wekundu unaosambaa, usaha, harufu mbaya, homa au maumivu yanayozidi badala ya kupungua maana yake urudi. Mwenye kisukari asingoje hata hayo.

Na kama unamuuguza mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, mgeuze kila baada ya saa 2 na umwangalie makalio kila siku. Alama nyekundu isiyopotea ukiibonyeza (kwa ngozi nyeusi inaonekana kama weusi uliozidi, au pana joto na pagumu) ndiyo mwanzo wa kidonda cha kulala, hata kama ngozi bado haijachanika.