Vielelezo vya kuchapishwa vya mifupa ya watoto

Vielelezo vya kuchapishwa vya mifupa ni maumbo ya plastiki yanayotengenezwa kwa kufuata picha za CT za mgonjwa, ili daktari aushike mkononi mfupa uliopinda kabla ya upasuaji. Chanzo chake ni uchapishaji wa pande tatu, ambao Charles Hull alipata hataza yake Marekani mwaka 1986. CT hupiga picha za vipande vyembamba, programu hutenganisha mfupa na nyama, kisha printa huujenga tabaka juu ya tabaka kwa ukubwa wake halisi.

Manufaa huonekana zaidi mfupa unapopinda na kujisokota kwa pamoja. Katika ugonjwa wa Blount, ulioelezwa na Walter Blount mwaka 1937, upande wa ndani wa sehemu ya juu ya muundi hudumaa huku wa nje ukiendelea kukua. Mtoto hupata matege na mguu hugeukia ndani. Eksirei huonyesha matege vizuri, lakini msokoto si rahisi kuuona. Daktari mwenye kielelezo huikata plastiki kwanza, akajua mfupa ukatwe wapi na chuma cha kuushikilia kikae vipi.

Hata hivyo mifupa ya mtoto ina sehemu kubwa ya gegedu, ambayo CT haiitofautishi vyema na nyama. Kichwa cha paja la mtoto mchanga ni gegedu tupu. Kiini cha mfupa huanza kuonekana kwenye miezi 4 hadi 6. Kilegesambwa huchelewa zaidi, hadi miaka 3 au zaidi, kwa hiyo goti la mtoto wa miaka miwili huchapishwa bila hicho. Tena CT hupigwa mtoto akiwa amelala, wakati matege hupimwa akiwa amesimama. Mionzi yake pia huzidi ya eksirei; kumpiga mtoto CT kwa ajili ya kielelezo tu si haki.

Afrika Mashariki uchapishaji huu umetumika kwa kazi nyingine. Hospitali ya CoRSU, Kisubi nchini Uganda, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto kutengeneza viungo bandia kwa skana na printa. Huko kilichopimwa ni umbo la nje la kiungo, si mfupa. Nchini Kenya, Roy Ombatti alibuni viatu vya kuchapishwa kwa watu walioharibiwa miguu na funza.

Kwa vielelezo vya mifupa, chukua mfano wa mtoto wa Kianjokoma, kijiji cha mlimani kwenye mashamba ya chai na kahawa ya Embu, Kenya: huanzia hospitali za kaunti. Upasuaji mgumu unaweza kumfikisha Nairobi, au Kijabe kwenye hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa mwaka 1998. Picha za CT husafiri kwa intaneti, hivyo mfupa unaweza kuchapishwa na kujadiliwa kabla mzazi hajatafuta nauli. Hapo ndipo mbinu hii ina thamani kubwa kwa vijiji vya mlimani.

Watoto wengi wenye miguu iliyopinda hawaihitaji mbinu hii. Mguu kifundo hunyooshwa kwa njia ya Ignacio Ponseti, kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki tangu utotoni. Matege ya kabla ya miaka miwili kwa kawaida hujinyoosha. Anayepaswa kupelekwa kwa daktari bila kukawia ni yule ambaye matege yake yanazidi baada ya umri huo, au yako mguu mmoja tu.