Waridi la jangwa: utunzaji baada ya kuchimbwa

Waridi la jangwa (Adenium obesum) ni mti mfupi wa maeneo makavu kama Turkana, unaopendwa kwa bonsai kwa sababu ya shina lake nene. Msonobari uliochimbwa porini kwa ajili ya bonsai huhifadhiwa unyevu wa mizizi. Waridi la jangwa, kinyume chake, hukaushwa kwanza kivulini kwa siku kadhaa hadi majeraha yafunge, kisha hupandwa katika mchanga wenye kokoto. Huenda ikadaiwa kwamba joto la miji ya Turkana kama Lodwar na Kakuma linalazimu kumwagilia papo hapo. Hata hivyo, mizizi iliyokatika hainywi maji ya kutosha, kidonda kibichi kikilowa huoza, na shina lenyewe ni ghala la maji. Kwa hiyo umwagiliaji husubiri machipukizi. Utomvu wa mti huu ni sumu. Hivyo mchimbaji avae glavu.