Mkoma wa Turkwel na jina lililotoka Hannover

Mwaka 1878, jarida la wataalamu wa mimea la Ujerumani, Botanische Zeitung, lilichapisha maelezo ya mti mmoja wa Afrika Mashariki chini ya jina jipya la Kilatini: Hyphaene compressa. Aliyeupa mti huo jina alikuwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen, mjini Hannover. Kandokando ya mto Turkwel hakuna aliyepata habari hiyo, wala hakuna aliyeihitaji. Mti wenyewe ulikuwapo, ukiitwa eengol, na Waturkana walikuwa wakila matunda yake na kusuka makuti yake tangu enzi za mababu.

Miaka kumi baadaye, Machi 1888, Mhungaria Samuel Teleki na mwenzake Mwaustria, Ludwig von Höhnel, walifika kwenye ziwa ambalo leo linaitwa Turkana. Wanahesabiwa kuwa Wazungu wa kwanza kuliona. Waliliita Rudolf, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria, na ramani zikalibeba jina hilo hadi mwaka 1975. Kwa hiyo mti mkubwa wa nchi hii ulikwisha kuandikishwa katika vitabu vya Ulaya kabla Mzungu yeyote hajaliona ziwa lenyewe. Jina la ziwa likafutwa. La mti lingali palepale.

Ukitembea Kanamkemer, kata iliyo ndani ya mji wa Lodwar, eengol haihitaji kutafutwa. Shina lake hupanda kiasi, likagawanyika mara mbili, kila tawi nalo likagawanyika tena, hadi mti mmoja ukawa na vichwa vingi vya makuti yaliyokunjuka kama feni. Jambo hilo ni adimu katika jamii ya mnazi, ambayo miti yake mingi huenda juu kwa shina moja tu. Watu wa pwani wanaujua mti huu kwa jina la mkoma au mkoche, na miyaa yake ndiyo inayosukiwa mikeka na vikapu kuanzia Lamu hadi Tanga.

Wendland alizaliwa Herrenhausen mwaka 1825, na bustani ilikuwa kazi ya ukoo. Babu yake, Johann Christoph, aliitunza; baba yake, Heinrich Ludolph, akairithi na kuandika kitabu juu ya migunga; naye Hermann akaishika baba alipofariki mwaka 1869. Vizazi vitatu katika bustani moja. Wakati huo ufalme wenyewe ulikuwa umekwisha, kwa kuwa Prussia iliimeza Hannover mwaka 1866, lakini mimea iliendelea kumwagiliwa.

Shauku yake kubwa ilikuwa jamii ya mnazi. Mwaka 1854, akiwa hajatimiza miaka thelathini, alitoa orodha ya minazi na jamaa zake waliokuwa wakioteshwa katika bustani za Ulaya. Miaka ya 1856 na 1857 alisafiri Amerika ya Kati, akapita Guatemala, El Salvador na Costa Rica akikusanya mimea hai. Nyumbani alijaza majumba ya vioo. Sifa za Herrenhausen zikaenea, na wataalamu wa nchi nyingine wakawa wakimpelekea mbegu, majani makavu na matunda wakitaka awaambie ni mti gani. Hivyo ndivyo mtu ambaye hakuwahi kuiona Turkana alivyoupa jina mti wa Turkana: kwa kulinganisha vipande vilivyofika mezani kwake na vingine alivyokwisha kuvijua.

Njia hiyo ina udhaifu wake, hasa kwa miti mikubwa. Kuti la mkoma ni refu kuliko karatasi yoyote ya kukaushia mimea, na shina halifungiki ndani ya sanduku. Kinachosafiri vizuri ni tunda, na kwenye tunda ndiko Wendland alikotazama kwa makini. Tunda la eengol hutoshea kiganjani. Ganda lake ni la kahawia na hung'aa likiiva. Ukiligeuza utaona kwamba halikuviringana: limebanwa ubavuni, na upande mmoja umevimba kuliko mwingine. Neno compressa linaeleza umbo hilo, na kwa umbo hilo Wendland aliutenga mti huu na ndugu zake wawili, mkoma wa pwani, Hyphaene coriacea, uliopewa jina mwaka 1788 na Mjerumani mwingine, Joseph Gaertner, na mkoma wa Misri, Hyphaene thebaica, ambao jina lake la sasa limetoka kwa mtaalamu wa mimea Martius wa München. Matunda ya huo wa Misri yalikutwa hata katika kaburi la Farao Tutankhamun.

Baada ya Wendland alikuja Mtaliano Odoardo Beccari, aliyeugawa mkoma wa Afrika katika spishi nyingi mno, nyingine kwa tofauti ndogo za tunda tu. Mwaka 1986 Mwingereza John Dransfield alipoandika sehemu ya jamii ya mnazi katika vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, majina mengi ya namna hiyo yaliunganishwa. La Wendland lilipita mtihani huo. Kwa mtu aliyefanya kazi kwa vipande, hilo si jambo dogo.

Majina aliyoyatoa Wendland yameenea pia katika visiwa vya Shelisheli. Nchi hiyo ina spishi sita za jamii ya mnazi ambazo haziko kwingineko duniani, na kila moja ina jenasi yake. Majina manne kati ya hayo sita ni ya Wendland. Verschaffeltia ni kwa heshima ya mfanyabiashara wa mimea wa Ubelgiji. Phoenicophorium linabeba habari ya wizi: inasimuliwa kwamba mti uliokuwa ukitunzwa katika bustani ya Kew, London, uliibwa, na Wendland akauweka wizi huo ndani ya jina. Mengine mawili yanaigusa historia yetu moja kwa moja. Roscheria ni kumbukumbu ya Albrecht Roscher, Mjerumani aliyeuawa karibu na Ziwa Nyasa mwaka 1860. Deckenia ni ya Karl Klaus von der Decken, aliyekuwa mwanajeshi wa Hannover, akajaribu kupanda Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862, kisha akauawa Bardera, kwenye mto Juba, mwaka 1865. Watu wote wawili walikufa bara, na miti yenye majina yao inaota katika visiwa vya Bahari ya Hindi.

Wengi wanaomjua Wendland, hata hivyo, wanamjua kwa ua dogo la zambarau. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani huko Usambara, alilikuta katika miamba yenye unyevunyevu ya eneo la Tanga. Huyu ndiye aliyekuwa ametunga kitabu cha kujifunzia Kiswahili, kilichotoka Ujerumani mwaka 1890. Alimpelekea baba yake mmea huo, baba akaufikisha kwa Wendland, na mwaka 1893 dunia ikapata Saintpaulia ionantha. Leo ua hilo limekaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, na wakulima wa maua wamezalisha maelfu ya aina zake. Huko Usambara na Tanga, misitu inayolihifadhi porini inazidi kupungua.

Jina hilo la 1893 halikudumu. Utafiti wa vinasaba ulionyesha kwamba ua hilo ni tawi la jenasi kubwa iliyokwisha kuwapo, Streptocarpus, nalo likahamishiwa huko. Wafugaji wa Turkana wamepatwa na jambo la namna hiyo bila kuambiwa. Mti wao wa kivuli na malisho, ewoi, ulijulikana vitabuni kama Acacia tortilis, jina alilolipanga Friedrich Gottlob Hayne wa Berlin juu ya kazi ya mtaalamu aliyemtangulia, Forsskål. Mwaka 2005, wataalamu wa mimea wa dunia walipokutana Vienna, jina Acacia liliachiwa miti ya Australia. Mkutano wa Melbourne wa 2011 ukathibitisha. Migunga ya Afrika ikagawiwa majina mengine, na ewoi sasa ni Vachellia tortilis. Katika ugomvi ule Waafrika wengi walipinga, na walikuwa na haki ya kupinga.

Eengol haikuguswa, na kazi zake nazo hazijabadilika. Nyama ya tunda ni tamu na ina nyuzi. Watoto huitafuna hadi ibaki kokwa tupu, na kiangazi kikikaza watu wazima huitwanga iwe chakula. Kokwa changa ina maji ya kunywa. Ikikomaa huwa ngumu hata ikachongwa vifungo. Makuti huezekea nyumba na kuzungushia ua. Mti wa kike peke yake ndio unaozaa, kwa hiyo mwenye kujua miti yake hujua pia upi wa kulinda.

Kikapu cha Lodwar huanzia kwenye kuti changa ambalo halijafunguka. Linakatwa, linachanwa nyuzi ndefu, linaanikwa juani hadi liwe jeupe. Baadhi ya nyuzi huchemshwa kwenye rangi. Mwanamke anayesuka hulowesha nyuzi ili zisikatike, kisha huzungushia fungu jembamba la makuti au nyasi, akitoboa kwa msharasi na kukaza mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia kitovu cha kitako hadi mdomoni. Kikapu kizuri hakipitishi punje ya mtama. Vikapu hivyo vinauzwa barabarani Lodwar, vinapelekwa Nairobi na kuvuka bahari, na Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, ususi ni moja ya kazi zinazoingiza fedha mikononi mwa wanawake.

Kila kuti changa linalokatwa, hata hivyo, ni moyo wa mti umeguswa. Mti ukikatwa makuti mfululizo hudhoofika, na miche inayochipua chini huliwa na mbuzi. Zamani matumizi yaliwekewa mipaka. Kando ya mito ya Turkwel na Kerio kuna utaratibu unaoitwa ekwar: familia ina haki ya kutumia miti ya kipande fulani cha ukingo wa mto, na mgeni huomba ruhusa kabla ya kuchuma au kulisha. Watafiti wa misitu waliouandika utaratibu huo miaka ya 1980 na 1990 waliona kwamba maeneo yenye ekwar yalitunzwa vizuri. Mji ukipanuka, haki za namna hiyo husahaulika upesi, maana mpangaji wa nyumba Kanamkemer hana ekwar wala hajui ni ya nani.

Kisha likaja tatizo lenye miiba. Katika miaka ya 1980 miradi ya kupanda miti ilileta Prosopis juliflora, ambayo Wakenya wengi wanaiita mathenge na Waturkana etirai. Iliingizwa kwa nia njema, izuie mchanga na itoe kuni. Badala yake ilijaza kingo za mito, ikabana njia za mifugo na kuchukua nafasi ya miti ya asili, hadi serikali ya Kenya ikautangaza mti huo kuwa gugu haribifu mwaka 2008. Mti uliochukua maelfu ya miaka kuzoea Turkwel unashindana na mgeni wa miongo michache.

Wendland alifariki Hannover Januari 1903. Jumba lake kubwa la minazi liliharibiwa na mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara, pamoja na hazina ya mimea iliyokaushwa. Hazina hiyo baadaye ilihamishiwa Nairobi, na leo, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ina sampuli zinazokaribia milioni moja. Mwanafunzi wa Lodwar anayetaka kusoma juu ya eengol hana haja ya kwenda Hannover.

Anachokosa ni kitu kingine. Jina la Kilatini limeandikwa kila mahali, na aliyelitoa anatajwa kila linapoandikwa. Ujuzi wa wanawake wanaojua kuti lipi likatwe na lipi liachwe, na wa wazee wanaojua ekwar ya nani inaishia wapi, umeandikwa kidogo sana, tena mwingi katika majarida ambayo Kanamkemer hayafiki. Serikali ya Kaunti ya Turkana ina idara za mazingira na za elimu. Zikae pamoja na wazee na wasusi, ziandike ujuzi huo kwa Kiturkana na Kiswahili, na ziweke sheria ndogo ya kulinda miche ya eengol kandokando ya Turkwel, kabla etirai haijamaliza ukingo.