Kalibu, Ganda na Fataki: Historia ya Kujaza Upya Risasi za Bastola

Risasi ya kisasa ina sehemu nne: kichwa, baruti, fataki na ganda. Ikishafyatuliwa, kichwa kimekwenda zake, baruti imeungua na fataki imelipuka. Linalobaki ni ganda la shaba nyeupe, ambalo ndilo lililogharimu zaidi kulitengeneza. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya kujaza upya: kuokota ganda, kulirudisha kwenye umbo lake, kulitia fataki na baruti mpya, kisha kulipachika kichwa kingine.

Chombo kikuu cha kazi hiyo ni kalibu, kipande cha chuma kigumu chenye tundu lililochongwa kwa vipimo vya ganda la aina fulani. Nchini Marekani, ambako kujaza upya ni desturi ya raia tangu miaka ya 1870, mwenye bastola anayetafuta kalibu hukutana na maswali mengi. Achukue seti ya kalibu tatu au nne? Za chuma cha pua au za kabaidi? Mdomo wa ganda ubanwe au ukunjwe? Kwa haraka hayo ni mambo ya ufundi na bei. Ukiyafuatilia, utakuta kila swali limeachwa na tukio fulani la historia, na asiyelijua tukio hilo hununua kwa kubahatisha.

Kalibu ya kusubia

Kabla ya ganda la madini kuenea, mpigaji bunduki alijitengenezea risasi zake. Gobore lililoenea pwani yetu na bara lilishindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Bastola za Samuel Colt, aliyepata hataza yake ya Marekani mwaka 1836, zilishindiliwa kwa mbele ya silinda. Nyingi ziliuzwa ndani ya sanduku pamoja na chupa ya baruti na kalibu ya kusubia. Mwenye bastola aliyeyusha madini ya risasi, akayamimina ndani ya kalibu na kungoja yagande. Kalibu ya wakati huo iliunda kichwa tu, maana ganda halikuwapo.

Mwaka 1857 Smith & Wesson walitoa bastola ndogo iliyotumia risasi yenye ganda la shaba, na dawa ya kulipuka imefichwa ndani ya ukingo wa kitako. Nyundo ya bastola iliuponda ukingo, dawa ikalipuka. Ulikuwa wepesi mkubwa kwa mpigaji, lakini ganda lililopondwa ukingo halikuwa na mahali pa kuwekea fataki nyingine. Risasi za .22 za namna hiyo zinatengenezwa hadi leo, na maganda yake hutupwa.

Fuawe iliyohama

Mlango wa kujaza upya ulifunguliwa na fataki ya katikati ya kitako. Mwaka 1866 watu wawili walipata hataza kwa njia mbili tofauti: Hiram Berdan wa Marekani, na Edward Boxer, ofisa wa Uingereza aliyesimamia karakana ya risasi ya Woolwich. Fataki hulipuka inapogongwa dhidi ya kitu kigumu, mfano wa fuawe ndogo. Berdan aliichonga fuawe hiyo kwenye ganda lenyewe, na moto ukapita kwenye vitundu vya pembeni. Boxer aliiweka ndani ya fataki, na moto ukapita kwenye tundu moja la katikati.

Baadaye mambo yakageuka. Fataki ya Mmarekani ilitawala Ulaya na majeshi mengi ya dunia, na ya Mwingereza ikawa ya kawaida Marekani. Mageuzi hayo ndiyo yaliyoamua nchi gani ingekuwa na wajazaji wa nyumbani. Kalibu ya kwanza katika seti ya leo ina sindano katikati. Sindano hiyo hupenya tundu la Boxer na kuisukuma nje fataki iliyokufa, kwa tendo lile lile linalolibana ganda. Ikiingizwa kwenye ganda la Berdan, hugonga fuawe na kuvunjika. Kabla ya kuuliza bei ya kalibu, basi, mtu huchungulia ndani ya ganda na kuhesabu matundu.

Koleo la Barlow

Mwaka 1873 Winchester walitoa bunduki yao mashuhuri pamoja na risasi ya .44-40, iliyobeba punje 40 za baruti nyeusi, yaani gramu 2.6 hivi. Miaka mitano baadaye Colt wakatoa bastola yao kwa risasi hiyo hiyo, na mtu wa nyikani akaweza kulisha silaha mbili kutoka mfuko mmoja. Duka lilikuwa mbali na fedha ilikuwa haba. Baruti na madini ya risasi vilinunuliwa kwa uzito, na maganda yaliokotwa. Wawindaji waliofyeka baisani kwenye mbuga za kati walijaza risasi zao kambini, na jeshi la Marekani nalo likasambaza vifaa vya kujazia ngomeni ili askari wapate risasi za mazoezi.

Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, Connecticut. Chombo chake kilikuwa koleo la mkono lenye kalibu ndani ya taya zake, na kitabu chake cha mwongozo kikawa mwalimu wa wajazaji wengi. Koleo hilo liliingia mfukoni, lakini nguvu ya kiganja ilitosha kubana mdomo wa ganda tu, si ganda zima. Kampuni iliuzwa kwa Marlin mwaka 1910, kisha Lyman wakaichukua mwaka 1925, na koleo la ukoo huo likaendelea kuuzwa kwa miongo mingi.

Kwa nini ufundi huu haukuota mizizi Afrika Mashariki? Sababu kubwa ni sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa na risasi zake kuingia kiholela katika eneo la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Biashara ya kawaida iliachiwa magobore ya gumegume na baruti ya kawaida. Ganda la shaba nyeupe likabaki mali ya serikali za kikoloni na ya walowezi.

Baruti isiyo na moshi

Mwaka 1884 huko Ufaransa, Paul Vieille alifanikiwa kutengeneza baruti isiyo na moshi mzito. Kiasi chake kidogo kilifanya kazi ya baruti nyeusi nyingi, na kosa dogo la kipimo likawa na adhabu kubwa. Risasi ya .38 Special, iliyozaliwa mwishoni mwa karne ya 19, inabeba alama ya mpito huo. Ganda lake ni refu kwa sababu lilibuniwa kwa baruti nyeusi. Baruti mpya hulala chini kabisa ya ganda, na ndani mna nafasi ya kumiminwa kipimo cha pili bila mjazaji kugundua. Hatari hiyo haijaondoka, na wajazaji waangalifu humulika kila ganda kabla ya kulifunga.

Bastola za kujilisha zenyewe zilileta swali jingine. Risasi ya 9 mm ya Georg Luger na ile ya .45 ya John Browning, zote za mwanzoni mwa karne ya 20, hazina ukingo uliotokeza. Hujizuia ndani ya chemba kwa mdomo wa ganda. Mdomo huo ukikunjwa kuelekea ndani, risasi hukosa pa kujiegemeza, kwa hiyo hubanwa kidogo tu. Kwenye rivolva, ukingo wa kitako ndio unaoishikilia risasi. Hapo mdomo hukunjwa ndani ya mfuo wa kichwa, ili mshtuko wa bastola yenye nguvu usikivute kichwa mbele na kuikwamisha silinda. Ndiyo asili ya kalibu za kubana na za kukunja.

Moshi, mwaka 1915

Historia hii iliwahi kupita kwetu kwa kishindo. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojigeuza kuwa ya Denmark, ilifukuzwa na manowari ya Uingereza Hyacinth hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Waingereza waliondoka wakiamini imeteketea. Wajerumani waliiopoa shehena, wakakuta maji ya chumvi yameharibu risasi nyingi. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi vibarua walivyokusanywa Moshi na kufanya kazi kutwa kwa miezi, wakizifungua risasi, wakisafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki kwa nyingine za aina tofauti zilizokuwapo koloni. Risasi zilizobaki nzima ziliwekewa bombomu, yaani bunduki za rashasha. Katika zilizojazwa upya, zile ambazo moja kati ya tano ilikataa kulipuka zilipelekwa vitani, na mbaya zaidi ya hapo zikawa za mazoezi. Risasi hizo zilikuwa za bunduki, lakini funzo ni lile lile: fataki isiyo ya aina yake huharibu kazi ya mikono mingi.

Kutoka dobini hadi kabaidi

Mwaka 1935 Smith & Wesson na Winchester walitoa .357 Magnum, baada ya majaribio ya wajazaji kama Elmer Keith na Philip Sharpe. Ganda lake lilirefushwa kwa milimita 3 na kitu ili lisiingie kwenye bastola dhaifu za .38 Special. Kwa kuwa upana haukubadilika, seti moja ya kalibu inahudumia zote mbili, mradi zirekebishwe kwa urefu.

Mwaka 1943 Fred Huntington alianza kutengeneza kalibu katika sehemu ya duka la dobi la baba yake, Oroville, California. Kampuni yake, RCBS, ilikua wakati mashine za mezani zilipochukua nafasi ya koleo, na hesi ya inchi 7/8 yenye mizunguko 14 kwa inchi ikawa kipimo cha karibu wote. Tangu hapo kalibu ya kampuni moja huingia kwenye mashine ya nyingine, ingawa wapo wanaojitenga: mashine ya Square Deal ya Dillon hutaka kalibu zake yenyewe.

Mageuzi ya mwisho makubwa yalikuwa kabaidi ya tungsteni. Kalibu ya chuma cha pua huhitaji ganda lipakwe mafuta, la sivyo hunasa. Pete ya kabaidi ni ngumu na uso wake ni laini kiasi kwamba ganda la bastola lililonyooka hupita bila mafuta. Lenye shingo, kama .357 SIG, bado hupakwa.

Hukumu ya historia, basi, ni hii: kwa ganda lililonyooka chagua kabaidi, linganisha kalibu ya mwisho na jinsi risasi inavyojizuia ndani ya chemba, na kalibu ya nne, inayotenga kazi ya kubana na ya kupachika kichwa, ina thamani yake kwa bastola za kujilisha.

Kwetu sheria za silaha haziruhusu raia kujitengenezea risasi bila kibali, na kazi hiyo iko mikononi mwa viwanda vya dola kama Mzinga mjini Morogoro na kile cha Eldoret. Lakini urithi wa mwaka 1915 ni wetu. Maganda ya vita vile yana alama za kiwanda na tarehe kwenye kitako, na ganda la Kijerumani lenye fataki ngeni huenda likawa ushahidi wa kazi ya vibarua wa Moshi. Aliye na ganda tupu la zamani alipeleke makumbusho, asimuuzie mnunua vyuma chakavu. Akikuta risasi nzima, asiiguse, awaite polisi.