Ngoma, bao na mpira: Je, vinapoza hasira za siasa?

Mwaka 2010, wilaya ya Bariadi ilipeleka bungeni watu wa vyama viwili. Bariadi Mashariki ilimchagua John Cheyo wa UDP, Bariadi Magharibi ikamchagua Andrew Chenge wa CCM. Majirani wa pande hizo waliendelea kushirikiana na kuzikana kama kawaida.

Leo kata ya Migato, iliyokuwa ndani ya Bariadi hiyo, ipo wilaya ya Itilima mkoani Simiyu. Swali linalowagusa watu wa huko ndilo linalogusa nchi nzima: siasa zikipanda joto, je, kukimbilia kwenye ngoma, bao au mpira kunasaidia, au ni kujisahaulisha tu?

Wasukuma na ushindani wenye mwisho

Usukumani kuna makundi mawili makubwa ya ngoma, Bagika na Bagalu. Simulizi zinasema yalianzishwa karne ya 19 na wacheza ngoma wawili waliokuwa pia waganga, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani ana dawa kali zaidi.

Msimu wao ni baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Ndiyo maana kila upande huja na mbinu zake: majembe ya bugobogobo, nyoka, fisi, na nyimbo za kumtania mpinzani. Sherehe maarufu ya aina hiyo ni Bulabo, inayofanyika Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, kila mwaka karibu na Juni.

Hapo utani ni mkali, lakini una mipaka. Uwanja unajulikana, hakimu ni umati wenyewe, na mchezo una mwisho. Aliyeshindwa anajua mwakani atarudi.

Tena mstari wa Bagika na Bagalu haufuati mstari wa vyama. Mtu anaweza kuwa mpinzani wako kwenye ngoma na mwenzako kwenye kura. Simba na Yanga ni vilevile: kwenye kibanda umiza, wana CCM na wapinzani wanakaa benchi moja wakishangilia goli moja. Ni vigumu kumnunia moja kwa moja mtu mliyekumbatiana Jumamosi.

Utafiti unasemaje?

Wengi huamini hasira inaisha ukiitoa. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman wa Marekani alilijaribu hilo kwa wanafunzi 600 waliokuwa wamekasirishwa. Waliopiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewakera ndio waliobaki na hasira zaidi. Waliokaa kimya tu walikuwa na ukali mdogo kuliko wote.

Kwa hiyo kushinda kwenye simu ukijibizana na watu wa chama kingine hakutoi hasira, kunaichochea. Kuweka simu chini na kwenda uwanjani kunampa mtu nafasi ya kupoa.

Utafiti mwingine, wa Salma Mousa, ulichapishwa mwaka 2020. Kaskazini mwa Iraq, wachezaji Wakristo waliokimbia vita vya ISIS waliingizwa kwenye ligi ya mpira, na baadhi ya timu zao zikaongezewa Waislamu. Waliocheza pamoja na Waislamu waliendelea kufanya nao mazoezi hata miezi kadhaa baadaye. Lakini imani hiyo haikuwafikia Waislamu wasiowajua nje ya uwanja.

Maana yake, mchezo unapatanisha watu wanaocheza pamoja. Nje ya hapo, nguvu yake ni ndogo.

Mchezo nao unaweza kutekwa

Zanzibar inatoa onyo. Baraza ni mahali pa kahawa, bao na stori. Lakini baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, vijiwe vingi viligeuka maskani za kisiasa. Kisonge, pale Michenzani, ilijulikana kuwa ya CCM. Jaws Corner, Mji Mkongwe, ilikuwa ya wafuasi wa CUF. Kahawa na bao vilikuwepo pande zote mbili, ila kila mtu alikaa na wa kwao. Starehe ya namna hiyo haipozi chochote, inakaza msimamo.

Ngoma nazo zimetumika sana kwenye kampeni. Kikundi kikishavaa sare za chama, nusu ya watazamaji wanajiona hawahusiki.

Kikomo chake

Agosti 2025 Watanzania walikuwa kitu kimoja nyuma ya Taifa Stars, iliyofika robo fainali ya CHAN na kutolewa na Morocco kwa bao 1-0. Miezi miwili baadaye, uchaguzi wa Oktoba 29 uliandamana na maandamano na vurugu. Watu waliuawa na intaneti ikazimwa. Umoja wa uwanjani haukuzuia hilo.

Na haukutarajiwa kuzuia. Kuna hasira inayotokana na ubishi, na kuna hasira inayotokana na jambo lililotendeka. Ya kwanza inapoa kwa ngoma au mechi nzuri. Ya pili inataka majibu na haki. Familia iliyopoteza mtu haiambiwi ikaangalie mpira.

Kwa kifupi

• Burudani inasaidia zaidi pale inapokukutanisha na watu wa chama kingine, siyo inapokufungia na wenzako.

• Ni bora iwe na kanuni na mwisho unaokubalika na wote, kama ngoma za Bagika na Bagalu.

• Kujibizana mtandaoni siyo kupumzika. Kunaongeza moto.

• Burudani inalinda ujirani wakati madai yanaendelea. Haichukui nafasi ya madai yenyewe.

Ukitaka kujua kama kijiwe chako kinapoza au kinachochea, angalia jambo moja tu: mtu wa chama kingine akipita, anaitwa aje kukaa, au stori zinakatika?