Kabla umchagulie mtoto shule, uliza nani anaweza kuifunga

Wasee, tukiongea shule tunaongea karo, mean score na basi. Kuna swali moja hatuulizi: hii shule, nani ana nguvu ya kuifunga?

Cheki Marekani. Mwaka wa 1988, Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu, alipendekeza walimu waruhusiwe kuanzisha shule zao ndani ya mfumo wa serikali, wajaribu mbinu mpya. Jimbo la Minnesota likapitisha sheria 1991, na 1992 City Academy ikafunguliwa St. Paul kwa vijana waliokuwa wameacha masomo. Ndizo zinaitwa shule za chata, yaani za mkataba. Pesa ni ya serikali, karo hakuna, uendeshaji ni wa wenyewe. Wanaoomba wakizidi nafasi, inapigwa bahati nasibu. Na shule ikishindwa kutimiza mkataba, inaweza kufungwa. Shanker mwenyewe baadaye aligeuka akazikosoa, alipoona makampuni ya faida yanaingia.

Sasa rudi nyumbani. Mwaka wa 1929, wamisheni walipokaza sheria dhidi ya tohara ya wasichana, wazazi wengi Wakikuyu walitoa watoto kwa shule za misheni. Hiyo tohara siwezi kuitetea hata kidogo. Lakini kilichofuata ni kikubwa: watu wa kawaida walichanga, wakajenga shule zao chini ya KISA na Karing'a. Mwaka wa 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Halafu Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa, na mkoloni akazifunga.

Hizo hadithi si sawa. Kule, mzazi anaweza kusoma mkataba na kuona masharti. Hapa, mkoloni aliogopa tu, akafunga. Lakini kwa mtoto, kufungwa ni kufungwa. Asubuhi anaamka na yunifomu haina kazi.

Kwa hivyo ukiwa mzazi kesho, ama ukimsaidia mathako kumtafutia mdogo wako shule leo, usiishie kwa geti iliyopakwa rangi. Uliza imesajiliwa na nani, nani anaketi kwa bodi, na ikifungwa katikati ya muhula watoto wanaenda wapi. Mwalimu mkuu akikasirikia hayo maswali, hilo ni jibu tosha.